Miwani Juu ya Kipaji

Papa Anselme,

Bango la kuondoa matanga yako limetoka, na nimelitengeneza mimi, mwanafunzi wako. Nataka nikueleze mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine huko uliko.

Unajua desturi yetu hapa Brussels: picha ya marehemu katikati, mawingu, njiwa, mawaridi, maandishi ya dhahabu. Uliwachapia watu wa mtaa wetu wa Saint-Josse mabango ya namna hiyo dukani kwako miaka yote, huku ukiguna. Maman Georgette, mke wako, aliyataka yote hayo, tena na njiwa wa ziada. Mimi nikachukua lile jarida lako la zamani la Kijapani, la mabango ya dunia.

Bado lina harufu ya soko la Midi, ulikolinunua Jumapili moja ya mvua. Hakuna kati yetu aliyejua kusoma hata neno moja ndani yake, nawe ulisema ndiyo raha yake. Mabango ya Poland, ya Kuba, ya Uswisi, ya Japani yenyewe, yote yamekaa pamoja, na yote tuliyaelewa! Ulikuwa ukiinama juu ya ule ukurasa wa Poland, uso mzima kwa mistari miwili tu, unatikisa kichwa kama mtu aliyeonja mchuzi mtamu. Kisha unanigeukia: "Muntu mwenye hajue kusoma asimame kule ng'ambo ya barabara. Kama anaelewa, bon. Kama haelewi, anza tena." Sijapata kuona jicho kama lako, Papa.

Basi nikachora upara wako, duara jeusi kwenye karatasi nyeupe, na juu ya kipaji cha uso miwani nyekundu. Ile miwani uliyokuwa ukiitafuta duka zima, ukitulaumu sote, kumbe umeivaa kichwani. Jina lako kwa herufi ndogo, chini kabisa.

Maman alilitazama, akasema: "Mutoto wangu, weka hata ua moja. Bantu batasema nini?" Niliogopa kweli. Angekataa ningeweka njiwa, maana mume ni wake. Nikalibandika kwenye dirisha la duka, nikamshika mkono, tukavuka barabara hadi kituo cha basi, pale ulipokuwa ukisimama kuyapima mabango yako. Alikuwa ameacha miwani yake nyumbani, na bila hiyo haoni herufi hata moja.

Akageuka, akatazama. Akacheka, Papa, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike! "Mutazame huyu! Iko ku kichwa, na bado anaitafuta!" Kisha akalia, nami nikalia, basi likaja likaondoka bila sisi. Hakutaja ua tena.

Nina hamu nawe, hasa asubuhi ninapofungua duka na hakuna wa kuguna. Jarida liko palepale kwenye rafu, na hakuna atakayelikata ukurasa. Lala salama, Papa. Kila bango litakalotoka hapa, kabla mwenyewe hajalichukua, nitavuka barabara kwanza, nisimame pale ulipokuwa ukisimama.

Wako,
Béa