Santuri ya Marehemu Baba

Rahila, nna aibu, sijui uso niuweke wapi!

Ile santuri ya baba, ya wale vijana wa Kiingereza wa zamani, imelia nyumba nzima. Mama yumo edani, na ukumbini wamejaa waliokuja kutupa pole!

Shangazi Mazoon alikuwa anagawa vitu vya baba, akasema santuri hiyo ya kihuni, aliyokuwa akimsema baba kwayo miaka yote, itupwe leo leo. Nikataka kuisikiliza mara ya mwisho, kwa hedifoni. Kumbe waya haukuingia vizuri. Magitaa hayo!

Shangazi kaja mbio. "Huna haya? Mamako yumo edani!"

Mara tukasikia sauti chumbani kwa mama. Anaimba. Kiingereza, neno kwa neno. Mama, Rahila! MAMA!

Shangazi akaugeukia mlango wa chumba. "Wifi, kaka yangu kakuharibu mpaka wewe?"

Mama akajibu humo humo chumbani: "Muache kakako apumzike. Santuri yangu hiyo, nimekuja nayo kutoka Unguja. Yeye hata hakuipenda. Mlipomsema alinyamaza tu, ili msinseme mimi."



Kisha akaniita: "Mwanangu, punguza sauti, halafu geuza upande wa pili."