Makofi ya sin 60

Minza, siamini nilichokiona leo tuisheni ya Kanyenye. Nilikaa nyuma kumsubiri binti yangu Siwema.

Yule Leodgar anayejiita Profesa kaandika ubaoni: sin 30 ni nusu, kwa hiyo sin 60 ni mara mbili yake, yaani MOJA.

Moja!! Kwa watoto wa kidato cha nne!

Siwema akaenda ubaoni. Akachora pembetatu, kila upande urefu 2, akaikata katikati, akapata kipeuo cha pili cha 3, gawanya kwa 2. Safi kabisa.

Jitu likafuta. "Michoro ni ya chekechea, kaa chini. Haya, nipigieni makofi."

Eti apigiwe makofi. Yeye!

Darasa zima likapiga. Mwanangu akageuka kuniangalia mimi, mwalimu wa hesabu.

Minza, na mimi nilikuwa napiga.