Siku Nilipolegeza Mkono wa Kulia

Kasulu, Jumatano, Novemba 1995

Mvua imeshinda ikinyesha na tope jekundu limenifuata mpaka chumbani. Nimejifunika blanketi miguuni, shajara yangu, na nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Ngoja nieleze kwa utaratibu, ingawa utaratibu wenyewe leo umenishinda.

Mimba hii inamaliza mwezi wa tano na mtoto alikuwa hajacheza. Ile ya kwanza ilitoka mwaka juzi, nikiwa ndiyo kwanza nimehamishiwa huku kufundisha, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wiki iliyopita mkunga wa kliniki aliniinamia na kile kipembe chao cha mbao cha kusikilizia tumbo, akasema moyo unapiga vizuri. Nilimshukuru. Ukweli ni kwamba sikumwamini, kwa sababu yeye kasikia na mimi sijasikia kitu.

Mume wangu yuko Kibondo kikazi, huja Jumamosi. Kila akija huniuliza kwa macho, nami hujifanya nimezama kwenye kusonga ugali.

Sasa gitaa.

Kwaya yetu haina umeme wala spika. Gitaa lazima lishindane na ngoma na makoo ya akina mama wa sauti ya kwanza, ambao Mungu aliwapa mapafu bila kipimo. Kwa hiyo sote tumejifunza kupiga kwa mkono mzima kutoka begani, kama watu wanaotwanga. Mimi nimezidisha. Nalibana gitaa kwa kigasha, hapa kati ya kiwiko na kifundo, kana kwamba kuna mtu anataka kuniibia, nalikandamiza mwilini, kifundo cha mkono nakikunja mpaka vidole vinaingia ganzi. Tumbo lilipoanza kulisukuma gitaa mbele, nikazidi kubana.

Leo mazoezini niliketi karibu na Zakaria, mpiga gitaa wetu wa kwanza. Ni mkulima wa hapa hapa. Aliletwa kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake. Alinitazama tukimaliza wimbo, nikiukung'uta mkono.

"Mwalimu, mbona unalikaba? Halikimbii hilo."

Sipendi kufundishwa mbele ya watu, hasa mbele ya sauti ya kwanza. Lakini mkono ulikuwa unauma kweli, nikamsikiliza. Aliniambia nishushe bega. Kigasha nikilaze, sehemu ya karibu na kiwiko, juu ya ukingo wa gitaa pale lilipo pana, kisha nikiache kilale kwa uzito wake bila kukandamiza. Kifundo kisikunjwe; kinyooke na kigasha, kiinuke kidogo tu, kiganja kining'inie mbele ya nyuzi. Dole gumba lishuke kwenye nyuzi nene, vidole vingine vivute zile nyembamba.

Nikambishia kwamba hivyo sitasikika hata na panya.

"Buhoro buhoro, mwalimu," akasema. Polepole. "Wewe legea, mbao itasema yenyewe."

Nikalegea. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kulegea tangu Julai, nilipojua nina mimba. Nikadondosha dole gumba kwenye uzi mnene kuliko yote.

Sauti iliyotoka sijui niielezeje. Gitaa ni lile lile, lenye ufa na mkanda wa kitenge, ila lilivuma kama limepata kifua kipya. Kumbe miezi yote hii nilikuwa nikipiga na kuziba kwa wakati mmoja, kwa mkono ule ule mmoja. Mgongo wa gitaa, ambao sasa ulinigusa kidogo tu, ulikuwa ukitetemeka juu ya tumbo langu.

Na kutoka upande wa pili, kitu kikagonga.

Wenzangu waliniambia ni kama samaki akigeuka. Uongo. Ni kama mtu anabisha hodi kwa kidole kimoja, kwa adabu, hataki kusumbua. Nikapiga uzi mnene tena. Akagonga tena. Nikaziacha nyuzi, wimbo ukanipita, akina mama wakaendelea bila mimi.

"Mkono unauma?" Zakaria akaniuliza.

"Mtoto," nikasema. Sikuweza zaidi ya hapo.

"Imana ishimwe," akasema chinichini, Mungu asifiwe, akaendelea kupiga kwa ajili yetu wawili huku mimi nikilia waziwazi mbele ya kwaya nzima. Na sikuona haya hata kidogo.

Mwalimu wa sayansi aliyemo ndani yangu anasema siku zake za kuanza kucheza zilikuwa zimefika tu, gitaa au hakuna gitaa. Labda alikuwa akicheza tangu wiki iliyopita na mimi nimejikaza kiasi cha kutomsikia. Sijui, na usiku huu sitaki kujua. Nimestaajabu, basi. Ndani yangu mna mtu, na ana maoni yake kuhusu muziki.

Niliporudi nyumbani nilikaa kitandani nikaweka mkono vile vile, bega chini, kifundo kimenyooka, nikapiga. Kimya. Nikapiga tena, nikasubiri. Kimya.

Jana kimya hiki kingenitoa jasho mpaka asubuhi. Leo nimeliweka gitaa ukutani taratibu, lisigonge kitu, nikapunguza utambi wa taa.

Amelala.