Glavu za Wageni

Chumba cha kona,
nyuma ya duka la fundi baiskeli.
Jumapili, mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mto wangu wa kulalia, na leo limenijaa mpaka kooni. Kuna mtu alisema neno mbele ya wageni wakubwa, na mtu huyo ni mimi. Mimi Kobe wako, ambaye wageni wakibisha hodi navuta shingo ndani mpaka waage.

Lakini sikulelewa kumrukia mtu na habari kabla ya kumjulia hali. Je, u mzima? Goti bado linakusumbua ukipanda ngazi? Baba je, huko kwako anakula ameketi siku hizi, au bado anakula amesimama kama mtu anayesubiri kuitwa? Sisi huku tu wazima, na safari hii sisemi hivyo kwa mazoea. Mdogo wangu Injini ameota meno ya mbele na ameshaanza kuyafanyia majaribio kwenye penseli zangu. Ukiona alama pembeni mwa karatasi hii, ujue alipita hapa.

Naandika nikiwa na kitabu cha jiografia pembeni. Mtu akipita dirishani nakifunika juu ya barua, akienda nafunua. Kwa hiyo usishangae mwandiko ukirukaruka.

Unajua mafuriko yalitutoa nyumbani tukawa tunalala kwenye madarasa ya shule ya msingi. Usichojua ni kazi aliyokuwa akifanya Mama. Baba aliambiwa kwenye simu kwamba anafanya usafi. Ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Maji yalipoingia kwenye lile ghala la dawa za kuulia wadudu wa mashambani, mapipa yalipasuka, na tope likatapakaa mtaa mzima. Lilikuwa na rangi ya samawati na harufu ya kutoa machozi. Kampuni iliyopewa kazi ya kulizoa haikwenda kutafuta watu wenye pa kulala. Ilikuja moja kwa moja madarasani. Tukaambiwa atakayefanya kazi atakuwa wa kwanza kupewa chumba, na atakayekosa hata siku moja akunje mkeka wake aondoke na wanawe. Nani angebisha, Shangazi? Mama alizoa lile tope kwa koleo, na pale koleo lilipokwama akaingiza mikono mitupu.

Mikono ya Mama unaijua. Ndiyo iliyokusuka siku ya harusi yako, ukalala umekaa usije ukaharibu kichwa. Basi ile mikono ilianza kubanduka ngozi kama kitunguu. Jioni moja alijaribu kumsuka mtoto wa jirani, akashindwa kutenganisha nywele kwa sababu hazisikii vidoleni. Akamwambia mtoto leo chanuo limegoma, aje siku nyingine. Halafu akakaa akiliangalia lile chanuo. Muuguzi wa zahanati alimwonya kwamba akiendelea na lile tope huenda vidole visirudi kama vilivyokuwa, na msusi asiyesikia nywele, kazi yake ndiyo imekwisha. Mama akaitikia vizuri kabisa, na kesho yake akarudi topeni.

Sasa cheka kidogo, maana wenyewe walikuwa wanacheka. Glavu zilikuwepo! Na barakoa, na miwani, na buti za mpira, vyote vimefungiwa ndani ya kontena lenye kufuli. Vilitolewa siku wakija wakubwa wanaolipia ile kazi, na wakiondoka vinakusanywa, vinafutwa, vinarudishwa. Wafanyakazi walikuwa wanaviita vyombo vya wageni, kama zile sahani nzuri za kabatini ambazo mwenye nyumba hali nazo. Msimamizi mwenye ufunguo wakampachika jina la Bi Mwenye Nyumba, ingawa ana ndevu mpaka kifuani. Kufuli likilia tu, utasikia wanaulizana leo tuna ugeni wa wapi, na je, watalala?

Ile siku yenyewe Mama aliamka mikono imevimba hata kikombe hakishikiki. Jirani akamkimbiza zahanati. Mimi nikabaki naangalia ovaroli yake msumarini, nawaza mkeka wetu ukikunjwa. Mama alishanikataza, hata kivuli changu kisikanyage pale ghalani. Nikamwacha Injini kwa mama wa darasa la jirani, nikavaa ovaroli, nikajifunga kitambaa chake, nikaenda. Urefu sasa tunalingana. Nilipanga nikae nyuma, niiname, nisimwangalie mtu usoni, yaani kazi ninayoiweza kuliko zote.

Kumbe ilikuwa siku ya wageni. Tukagawiwa vyombo vya kabatini, nikapona, kwa sababu ndani ya miwani na barakoa sote tulifanana kama chupa za soda. Bi Mwenye Nyumba aliwapanga wanaokohoa safu ya mwisho, na mimi nikawekwa huko, pembeni ya muuza nyanya mmoja wanayemwita Honi. Huyo mama hajui kunong'ona. Akikuambia siri, inasikika mpaka barabarani.

Wageni walikuwa wanazungumza ile lugha tunayosomea sisi sekondari, na msimamizi ndiye mkalimani. Mgeni mwanamke, mrefu, mwenye sura ya upole, akauliza kama vifaa hivi tunapewa kila siku. Msimamizi akatugeukia, akatuambia mgeni anauliza kama tumefurahi kumwona. Watu wote wakaitikia ndiyo, kwa moyo mmoja, na wengine wakapunga mikono. Mgeni akatabasamu. Akauliza tena kama kuna yeyote aliyeumwa tangu kazi ianze. Sisi tukaambiwa anauliza kama kuna mtu amechoka, arudishwe nyumbani. Hapana, tukasema. Hapana kabisa! Wanaokohoa ndio waliojitahidi kupaza sauti zaidi.

Shangazi, nilitokwa jasho ndani ya zile glavu mpaka vidole vikaelea. Mimi hata darasani mwalimu akiniuliza huwa naomba niandike ubaoni. Nikamwinamia Honi, nikamnong'oneza kilichoulizwa hasa. Nilidhani nitakuwa nimemaliza wajibu wangu. Nilisahau nimemwambia nani.

"Ati wameuliza kama glavu ni za kila siku?" akasema Honi. "Na wewe ukawaambia tumefurahi?"

 Msimamizi akaanza kucheka cheko la kikohozi, akiwaeleza wageni kwamba huyu mama ana utani sana. Mgeni mrefu hakucheka. Akauliza, taratibu, kama kuna mtu mwingine hapa anayeelewa lugha yake. Hakuna aliyejibu kwa sababu hakuna aliyeelewa swali, ila mimi. Nikaiona mikono ya Mama imeshindwa kikombe. Nikasikia mtu anaongea, na nilichelewa kutambua kwamba ni mimi.

Nilisema kwa lugha yao: "Hizi ni za wageni. Mkiondoka tunazirudisha."

Sikuwa na zaidi ya hapo. Lakini Honi aliponiuliza nimesema nini, nikamwambia, akavua glavu zake akanyoosha viganja juu. Wa pembeni naye akavua. Safu yote ya nyuma, kisha ya katikati, mpaka ikawa mikono mitupu mbele ya wageni, iliyobanduka, iliyobadilika rangi, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Mgeni mrefu akaomba aonyeshwe kabati lenyewe, yaani kontena. Ndani walikuta maboksi mengine ambayo hata nailoni yake haikuchanwa.

Wakati wote wanakimbilia kontena, mimi nikatoweka. Nikakunja ovaroli, nikaiweka chini ya msumari wake, na Mama aliporudi na bandeji zake akanikuta nasoma jiografia. Kitabu kilikuwa kichwa chini.

Tangu hapo mambo yamekwenda, Shangazi. Kazi ilisimamishwa. Ilipoanza tena, ilianza na glavu za kila siku na maji ya kuogea pale pale, na wote walipelekwa hospitali bila kutoa senti. Wageni wakasema mbele ya kila mtu kwamba hakuna wa kufukuzwa darasani kwa kuumwa. Bi Mwenye Nyumba hatukumwona tena. Aliyechukua nafasi yake anaonekana mtu, ila bado tunamchunguza. Mlinzi mmoja mzee bado anakohoa, tumwombee. Na sisi tumepewa chumba hiki. Kina dirisha moja na bati linaloimba mvua ikinyesha, na Injini amekwisha chora gari ukutani.

Kichekesho ni kwamba mtaa mzima unaamini aliyesema ni Mama, isipokuwa yule jirani aliyempeleka zahanati, naye anatunza siri. Ovaroli ilikuwa yake, na sauti yangu nani anaijua? Akikana, wanamsifu kwa unyenyekevu. Honi anamwita Profesa. Juzi fundi baiskeli alileta boksi la dawa ya macho lenye maandishi ya ile lugha, akamwomba amsomee. Mama akalishika, akalitazama kama anayesoma, kisha akanipa mimi: "Hebu msomee mjomba, miwani yangu siioni." Mama hana miwani.

Jana ndiyo siku niliyotaka kukuandikia zaidi. Mama aliniita, nikaketi chini kati ya magoti yake, akaanza kunisuka. Kichwa cha kwanza tangu mafuriko. Alikuwa polepole, anaacha, anaanza tena, lakini nilihisi anazitenganisha nywele moja moja, na yeye pia alihisi, kwa sababu alianza kuimba chini chini bila maneno. Alipomaliza akanifunga mkia kwa kibanio changu cha zambarau. Shangazi, kibanio hicho kilipotea ile siku. Nilikiacha mfukoni mwa ovaroli. Sikuthubutu kugeuka. Akanivuta sikio, lile la kushoto, kwa nguvu kidogo, halafu akalishikilia bila kuvuta. Basi.

Msalimie Baba na umwambie hii barua asome ameketi. Wasalimie binamu zangu wote, na yule mpangaji wako anayecheka peke yake. Mola akulinde wewe na goti lako, na akulete utuone kabla bati halijaanza kuvuja.

Nasikia ndara za Mama kwenye korido, zile zinazopiga kofi kila hatua. Anakuja huku. Kitabu cha jiografia nimekisukuma mbali, kiko kitandani. Karatasi nimeiacha wazi.

Ni mimi Kobe wako, anayekupenda hata akiwa ndani ya gamba.

Wifi yangu, salamu za Jumatatu. Mwandiko umepinda lakini ni wangu, na kalamu naisikia vidoleni. Nilijua siku ile ile, maana nani mwingine angekunja ovaroli ya topeni kama shuka la wageni? Nilinyamaza nikisubiri aseme mwenyewe. Sasa amesema, na tangu jana hajafunga mdomo. Njoo umchukue japo wiki moja nipumzike.