Fundi Anayepaka Ndani ya Jicho

Chumbani kwangu, juu ya duka la rangi
Jumapili mchana

Mpendwa mdogo wangu Dereva,

Hujambo wewe, na lori lako halijambo? Shemeji na watoto wazima? Mgongo je, umeacha kukusumbua? Huku sote wazima, na mimi ndiye mzima kupita wote. Kaka yako nina bahati ya mtende! Juzi nilipimwa macho, daktari akabaki mdomo wazi: ya mwewe, yote mawili. Wenzangu kwenye foleni walitoka na miwani, mimi nikatoka na sifa.

Utauliza nilifuata nini huko. Ni bosi. Nilimaliza kupaka ukumbi, nikafunga makopo, akaja akasimama kushoto mwa mlango.

"Fundi, kipande hiki umemwachia nani?"

"Bosi, hapo pamepakwa!"

"Njoo uguse."

Nikagusa. Lipu tupu, bila tone la rangi. Mafundi wenzangu walicheka mpaka brashi zikawadondoka. Nikasingizia taa, bosi akakataa, akanituma kwa daktari wa macho.

Sasa sikiliza. Mimi niliyezunguka miji, nikapaka hoteli na mabenki, sijaona jengo kama jicho. Kile kitundu cheusi si rangi, ni mlango. Juani unajifinya, gizani unajitanua, haumwombi mtu ruhusa. Nyuma yake kuna lenzi, inanenepa ukisoma, inakonda ukitazama mbali. Halafu picha inaangukia kwenye utando wa nyuma miguu juu, kichwa chini! Ubongo ndio unaoinyoosha. Nikamuuliza daktari, "Kwa hiyo mama, tangu asubuhi umeingia machoni mwangu kichwa chini?" Akasema, "Na bado umenisalimia vizuri."

Lililonitoa jasho ni hili: pale mshipa wa fahamu unapotokea kwenda ubongoni, jicho halioni kitu. Kila jicho lina tobo! Jaribu mwenyewe:

✚                                        ●

Funga jicho la kushoto, la kulia likazie msalaba, usogeze karatasi polepole kuelekea usoni. Nukta itapotea, na mahali pake huoni shimo, unaona karatasi. Ubongo umechota rangi ya jirani ukapaka. Fundi gani huyo! Hana ngazi, hana brashi, wala huoni alipounga.

Ila fundi huyo hupaka hata pasipotakiwa. Presha ikizidi ndani ya jicho huukandamiza ule mshipa, jicho likaanza kufa pembeni bila maumivu, na yeye anaendelea kupaka tu. Unamkumbuka marehemu baba alivyokuwa akijigonga kwenye miimo ya milango, nasi tukimcheka ana haraka? Daktari anasema ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Na wewe unashika usukani. Nenda ukapimwe wiki hii, usiniletee ubishi wako.

Nisalimie shemeji, na kitindamimba wenu umbusu kila shavu. Shangazi mwambie simu yake niliiona, nitampigia. Mungu akutangulie kila kona ya barabara.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,
Mwewe

Nimeisoma tena kabla ya kuifunga. Ile ya mwewe ni uongo. Jicho la kushoto limebaki robo na halirudi, la kulia limeanza; matone niliyopewa yanalinda tu kilichobaki. Ukuta niliuacha mimi, na niliuona umepakwa. Nenda.