Ukuta wa Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Wapwa zangu hawajambo? Mguu wako umepoa? Sisi huku tunapumua, ingawa kwa taabu, na hilo la kupumua ndilo lililonishikisha kalamu.

Unakumbuka ulivyomtaka Mama akae kwako, naye akagoma, akasema anataka chumba chake, mlango wake na ufunguo wake. Nikaanza kumjengea hapa karibu nami, nikaleta mota ya mifuko, ile saruji na mchanga iliyochanganywa tayari kiwandani, unatia maji tu basi. Mumeo alipokuja kusaidia aliiona akacheka mpaka akashika mbavu. Akaiita unga wa uji wa watoto. Akasema fundi wa kweli huchanganya mchanga na saruji kwa beleshi na macho yake. Ili yaishe, tukagawana: mimi kuta tatu, yeye ule wa kichwani pa kitanda.

Dada, mimi siidharau mota ya kuchanganya kwa mkono. Ndiyo iliyonilea, na ukiipa mchanga safi uliochekechwa, inashika vizuri kabisa. Lakini shemeji alichota lile fungu la mchanga lililolala pembeni mwa uzio tangu mvua zilizopita, choo cha paka wote wa mtaa! Nikamwomba walau achekeche. Akanijibu kwamba saruji inaua kila kitu. Mavi ya paka niliyaona kwa macho yangu yakiingia kwenye karai, naye akayakanyaga pekupeku, akatema mate viganjani, akaendelea. Siku hiyo chakula cha mchana kilinishinda.

Ukuta umenyooka, sikatai. Ila jua likiupiga, uvundo unatoka unaochoma macho. Nimeupiga lipu mara mbili, wapi! Jirani alikuja kumpongeza Mama akaondoka kabla ya chai, kitambaa puani. Kuta zangu zimetulia. Na mumeo, bila haya, anasema kinachonuka ni mifuko yangu. Samahani, dada, lakini yule mtu ananitia kinyaa.

Mama peke yake alikuwa anauegemea ukuta ule, anakunywa chai, anatuambia tumezidi kujidai. Nikadhani anamsitiri mkwewe. Mpaka Alhamisi mchana nilipofungua mlango, gesi ikanipiga usoni. Maharage yalifurika yakazima moto, gesi ikawa bado inatoka, na Mama amesimama hapo hapo na kibiriti mkononi anataka kuuwasha tena. Nilimpokonya. Akaniuliza nimepatwa na nini.

Ndipo aliponieleza. Tangu ile homa iliyomlaza kitandani, hasikii harufu yoyote, si sabuni, si kitunguu, si moshi. Alijua na akaficha, kwa sababu alijua ukisikia tu utakuja kumchukua. Akanishika mikono akaniapisha nisikwambie. Niliapa. Na sasa nimekwambia, na moyo unaniuma.

Ukuta nitaubomoa nijenge upya. Jiko nimelihamishia kwangu, nampikia mimi. Njoo, dada, tena upesi, lakini nakusihi usije na gari la kubebea vitu vyake. Njoo kwanza tukae naye tuzungumze.

Wasalimie watoto. Mumeo msalimie ukipenda. Mama anakusalimu sana. Amenituma nikwambie kwamba chumba ni kizuri, anaishi humo raha mustarehe, wala usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Fundi wa mifuko