Makuta ya Zamani ya Kwenda Kasai

Samedi 23/10/93
Radio inasema makuta, feza yetu ya zamani, ilikufa. Milioni tatu inakuwa zaïre moja ya mupya! Mi Ntambwe, miaka makumi tatu na moja ku mine ya kuchimba shaba, radio haiwezi kunitisha. Tuko hapa ku gare ya train ya Kolwezi, ni miezi mbili sasa, mi na bibi yangu Simone, tangu Bakatanga balitufukuza ku nyumba yetu ya Kapata. Eti bilulu, badudu, murudie kwenu Kasai. Train hakuna.

Lundi 25/10/93
Bantu bote mbio ku banque. Mi hapana. Kalenga, jirani wetu wa Kapata — ni Mukatanga, lakini anatuletea maji kila siku — anasema: Tata Ntambwe, badirisha, kesho itakuwa ya kuwashia makala! Nikamujibu, mi nilifundisha bazungu kazi.

Mercredi 27/10/93
Nilisema! Nilisema! Muamba, anatumikaka ku train, alitoka Mwene-Ditu, kule Kasai. Kasai balikataa makuta ya mupya! Soko yao inatembea na ya zamani tu. Kule njo inchi ingine sasa. Hapa makuta ya zamani ni uchafu, kule inanunua nyumba! Simone aliuzisha mashini yake ya kushona, tukanunua makuta ya zamani. Mifuko tatu. Bantu banacheka: muzee anakula karatasi!

Jeudi 28/10/93
Mifuko ni muzito, na basoda, baaskari ba ku njia, batafungua na kuiba. Lakini mi niko na akili. Mama Yolande, anabadirishaka makuta mbele ya gare, alichukua yote, akanipa noti za milioni tano, ile kubwa kabisa. Mifuko tatu inaingia mu mukaba ya kiuno ya Simone! Yolande hakubishana bei hata kidogo. Ananiheshimu.

Dimanche 31/10/93
Train inafika! Wagon ya ngombe, lakini train. Nikamuonyesha Muamba noti moja, kwa kujivuna. Akaangalia, akauliza: uko nayo mingi, tata? Nikamujibu: zote njo hizi. Akasema pole pole: ile ya milioni tano Kasai balikataaka tangu Januari. Ya zamani zingine banapokea, ile hapana. Hata ndizi moja habatakupa.
Nikasema najua! Najua tangu zamani!
Yolande hayuko pale tena.
Simone yuko ndani ya wagon. Anaambia bamama: tukifika, tutanunua parcelle ya kujenga na mbuzi mbili, bwana yangu alipanga yote. Ananyoosha mukono — panda, tata! Bantu banasukuma. Filimbi inalia. Ngoja kidogo, namwambia. Naandika.